Nyuzi Usoni mwa Bi Shamsa

Sitara alikuwa amechuchumaa mbele ya rundo la viatu pale Mchikichini, kiatu cha kulia mkononi, akimtafuta mwenzake wa kushoto, simu ilipolia. Aliibana begani na kuendelea kupekua.

"Abdu, subiri kidogo, niko kwenye viatu."

Mdogo wake hakusubiri. "Dada, rudi nyumbani. Mama ametutoka."

Muuza viatu, aliyekuwa akipiga kelele za chagua-chagua mzigo mpya, alimwona uso na kunyamaza. Alikichukua kile kiatu mkononi mwake taratibu, kama anayempokea mtu mtoto mchanga. "Nani, dada?"

"Mama."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, akaingia barabarani mwenyewe kusimamisha bajaji.

Ndani ya bajaji Sitara alilia mpaka ushungi ukalowa. Kisha, walipokaribia Msimbazi, machozi yalikatika ghafla, kwa sababu swali lilikuwa limemjia kichwani na halikumwachia nafasi ya kulia. Nani atamwosha mama? Jibu alilijua. Mwoshaji ni mama mkubwa, Bi Mwanakheri, dada yake mama, mwalimu wa madrasa na mwoshaji wa wanawake wa mtaa mzima. Na Bi Mwanakheri alikuwa amekwisha kutamka mbele ya watu kwamba mtu aliyefanya kile alichofanya mama, yeye hatamgusa.

Kilichofanyika kilikuwa siri ya watu watatu: mama, Sitara, na daktari mmoja wa Upanga.

Bi Shamsa binti Abbasi alizaliwa Kariakoo, akaolewa Kariakoo na kuwa mjane Kariakoo, katika nyumba ileile ya Mtaa wa Mkunguni yenye baraza mbele na ua nyuma. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi. Aliirithi kwa bibi yake mzaa mama: kumsinga mwari kwa liwa na manjano, kumchora hina, kumtia wanja, kumshonea vikuba vya asumini. Miaka ile ya foleni, sabuni yenyewe ilipokuwa ikipatikana kwa kujuana, alisaga liwa yake juu ya jiwe, na maharusi wake walinukia mpaka nyumba ya tatu.

Kisha ikaja ruksa. Milango ya biashara ilifunguliwa na Kariakoo ikajaa: losheni, poda, kope za bandia, nywele za bandia, manukato ya Dubai yaliyopangwa chini juu ya maturubai. Nyumba za jirani zilivunjwa moja moja na kupandishwa maghorofa, na kila ghorofa ilikuwa na saluni. Bi Shamsa hakugombana na vitu vipya. Alivichambua kama mtu anavyochambua mchele. Vizuri aliviingiza kwenye kikapu chake, na vilivyokuwa na mawe alivitupa. Mkorogo aliukataa kabisa.

"Mimi napamba, sichubui," aliwaambia wasichana. "Anayetaka kuchubuliwa aende kwa wauza mihogo."

Jambo lililombadilisha lilitokea kwenye harusi moja ya Ilala. Alifika mapema, kikapu kichwani, Sitara nyuma yake na mkoba wa hina. Mdogo wake bibi harusi aliwapokea mlangoni kwa adabu zote.

"Shikamoo, bibi. Karibu ukae na wazee huko ndani, chai inakuja. Sisi tunamsubiri mpambaji."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Bi Shamsa. "Mpambaji amefika. Anakusalimia."

Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote. Alimpamba yule mwari mpaka wapiga ngoma wakasahau kupiga. Lakini njia nzima ya kurudi alijigusa mashavu. Nyumbani alivua ushungi, akachukua kioo chake cha kazi, akasimama uani kwenye mwanga.

"Sitara, njoo. Hapa kumeanguka lini?"

"Mama, wewe ni mtu mzima sasa. Sitini umeivuka."

"Sikukuuliza umri. Nimekuuliza hapa." Alikuwa amelishika shavu karibu na taya. "Mwari akikaa mbele yangu ananitazama mimi kwanza, ndipo atazame kioo. Akiona mashavu yananing'inia, anaogopa. Nimeliona lile jicho leo."

Alikuwa na rafiki wa miaka mingi, Jasvanti, mama wa Kihindi wa Upanga aliyekuwa akimletea unga mzuri wa hina kutoka Gujarat. Binti yake Jasvanti, Kajal, alisomea udaktari wa ngozi India na kurudi kufungua chumba chake cha tiba ghorofa ya pili, hatua chache kutoka kwao. Bi Shamsa alimjua Kajal tangu anachorwa hina viganja akiwa hajaota meno ya mbele. Ndiye aliyemwendea.

"Hakuna kisu?" aliuliza.

"Hakuna kisu, Mama Sitara. Ganzi kidogo, halafu sindano inapitisha uzi mwembamba chini ya ngozi. Uzi unalishika shavu na kulivuta juu. Unarudi nyumbani leoleo."

"Kama kutia mshono kwenye kanzu."

"Kama hivyo."

"Baba yangu alikuwa fundi kanzu," alisema Bi Shamsa. "Lete uzi."

Sitara alikuwa amekaa pembeni kumpa mama moyo, lakini alipoiona sindano aliteleza kutoka kitini. Alitolewa nje, akapewa soda. Kwa hiyo maelezo yote aliyoyatoa daktari baada ya hapo hakuyasikia. Alichokisikia ni kile alichosema mama kwenye bajaji, ushungi umefunika mashavu, sauti ikitokea pembeni mwa mdomo.

"Basi, zimo. Hizi nitazikwa nazo." Akacheka, kisha akashika taya kwa maumivu. "Na sikiliza. Dada yangu asijue. Mwanakheri akijua ataniswalia jeneza ningali hai."

Kesho yake uso ulivimba, na Bi Mwanakheri akaingia bila kupiga hodi kama kawaida yake.

"We Shamsa, umepigwa?"

"Jino," alisema Bi Shamsa, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake mpaka mwisho.

Bi Mwanakheri alikwenda akarudi na karafuu. Alimtafunisha. Akaweka kiganja juu ya shavu lenye nyuzi mpya na kumsomea dua, asubuhi na jioni, na Bi Shamsa akavumilia huku machozi yakimtoka, dada yake akidhani ni unyenyekevu. Uvimbe ulipokwisha, Bi Mwanakheri aliwatangazia majirani kwamba jino la Shamsa limepona bila kung'olewa, kwa uwezo wa Allah.

Hakugeuka msichana. Alirudi tu kuwa kama mtu aliyelala vizuri. Walipomuuliza anatumia nini, alijibu, "Naamka alfajiri, nanyi mnalala mpaka jua la utosi." Maharusi hawakumwita bibi tena, walimwita mama, na hilo lilimtosha.

Lakini Ramadhani ikaingia, na katika darsa la wanawake mtu mmoja akauliza kuhusu wale wanaotengenezwa sura na madaktari. Bi Mwanakheri hakuhitaji kufikiri.

"Aliyeuchezea uso aliopewa na Mola wake, siku yake ikifika amwite daktari wake aje amwoshe. Mimi Mwanakheri simgusi!"

Wanawake waliitikia kwa sauti moja. Bi Shamsa alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma, macho kwenye tasbihi. Njiani aliuliza tu, "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi funga mdomo wako vizuri zaidi."

Tangu siku ile alikuwa akikawia juu ya msala baada ya swala. Mara moja, akikunja kanga, alimuuliza Sitara, "Hivi hili nitahesabiwa?"

Sasa, mwaka wa pili baada ya hayo, moyo wa Bi Shamsa ulikuwa umesimama asubuhi akiwa anamwagilia asumini yake, bila kuugua, bila kumsumbua mtu. Sitara aliposhuka kwenye bajaji, vijana walikuwa wakifunga turubai mbele ya nyumba na wauza duka wa jirani wakileta viti. Mdogo wake Abdulatif alimkumbatia. Sitara alipita katikati ya wanawake waliojaa ukumbini, akafika uani, akamkuta mama mkubwa amekwisha kukunja mikono ya gauni. Kanga zilikuwa zimetundikwa pande zote kuwa pazia, na nyuma yake mama alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kuoshea, amefunikwa shuka.

"Umekuja," alisema Bi Mwanakheri. Macho yalikuwa mekundu, sauti imara. "Nawa mikono. Wewe ni binti yake, utashika upande wa kichwa. Sikudhani anamimina."

Bi Sikudhani, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amekwisha kushika birika. Mtu mwema, mkono mwepesi kwenye kila msiba, lakini neno likiingia sikioni mwake adhuhuri, alasiri linasikika mpaka mtaa wa Gerezani.

Bi Mwanakheri alianza kama anavyoanza kwa maiti zote. Aliufumua msuko. Alivua hereni na pete. Alitazama kucha moja moja.

"Ana rangi?"

"Hina tu," alisema Sitara.

"Hina haina tabu, maji yanapita. Rangi ndiyo inayoziba. Kuna kitu kingine chochote kwenye mwili wake kinachozuia maji? Plasta, gundi, chochote? Nataka mdogo wangu aondoke na josho lililokamilika."

Hapo ndipo Sitara alipokwama. Maneno ya bajajini yalimrudia: hizi nitazikwa nazo. Kama nyuzi zile zilikuwa ni kitu cha kutolewa, kama rangi ya kucha, na yeye akanyamaza, basi mama angekwenda kaburini bila josho, na kosa lingekuwa lake yeye aliye hai. Akisema, mama mkubwa ataweka kopo lake la maji chini, atatoka nyuma ya pazia, na Kariakoo yote itajua ni kwa nini. Alimtazama mama. Alikuwa amemwahidi kunyamaza. Lakini alimwahidi mama aliyekuwa akiogopa watu. Huyu aliyelala hapa hakuwa na watu wa kuogopa tena.

"Bi Sikudhani," alisema, "kafuri tumeisahau. Iko chumbani kwa mama, kwenye kikapu cha kazi."

Bi Sikudhani alitoka. Sitara aliisikia kandambili yake mpaka ikaishia ukumbini.

"Mama mkubwa. Mama ana nyuzi."

"Nywele tumeshazifumua."

"Si nywele. Nyuzi. Mashavuni, chini ya ngozi. Alivutwa uso na daktari Upanga." Yalitoka yote kwa pumzi moja. "Sijui kama zinatakiwa kutolewa. Nimeogopa kunyamaza."

Bi Mwanakheri hakusogea. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye vidole vyake.

"Lini?"

"Mwaka juzi, kabla ya Ramadhani."

"Kabla ya Ramadhani," alisema polepole, "Shamsa aliumwa jino."

"Hakuumwa jino, mama mkubwa."

"Nilimsomea."

"Ndiyo."

"Asubuhi na jioni."

"Ndiyo."

"Karafuu je?"

"Alizitafuna zote."

Bi Mwanakheri aliliweka kopo chini, na Sitara akajua kwamba anaondoka. Hakuondoka. Aliinama juu ya kitanda mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa mdogo wake.

"Shamsa!" alisema. "Muongo mkubwa wewe!"

Mabega ya Bi Mwanakheri yalianza kutikisika. Sitara hakujua kama analia au anacheka, mpaka alipoinua kichwa na kuonekana kwamba ni vyote viwili. Alijifuta kwa mkono wa gauni.

"Naye alikuwa amekaa pale ukutani siku nikisema simgusi."

"Alikuwepo."

"Hakunijibu kitu." Alikunja tena mkono wa gauni. "Lile la uso ni lake na Mola wake, nami nitamwombea msamaha kama ninavyojiombea mwenyewe. Mimi nilichopewa leo ni maji. Nipe kopo."

"Na nyuzi?"

"Josho linataka maji yafike kwenye ngozi, mwanangu. Chini ya ngozi hakuna binadamu anayeosha. Mwenye chuma kwenye mfupa tunamwosha, mwenye mishono ya tumbo tunamwosha. Ulitaka nimchane mdogo wangu?"

Sitara alitikisa kichwa. Swali lililomkatisha machozi tangu Msimbazi lilikuwa limejibiwa, na ndipo alipoanza kumlilia mama yake kama mtoto anavyotakiwa kumlilia mama.

"Na lingine," alisema Bi Mwanakheri, akiligeuza shavu la Shamsa kwa upole. "Mwoshaji anachokiona humu anakiacha humu. Nimefundishwa hivyo, na wewe leo ni mwoshaji. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Kandambili ilirudi. Bi Sikudhani alichungulia, kafuri mkononi. "Jamani, mbona nasikia kilio na kicheko?"

"Tulikuwa tunalikumbuka jino lake," alisema Bi Mwanakheri. "Mimina."

Walimwosha kwa maji ya mkunazi, kisha maji safi, na mwisho maji ya kafuri. Bi Mwanakheri aliupitisha mkono wake kwenye mashavu yale taratibu kuliko alivyofanya zamani alipokuwa akimsomea dua. Wakamkausha, wakamtia pamba na udi, wakamvika sanda, wakauacha uso wazi kwa ajili ya kuagana.

Wanawake waliingia wachache wachache. Kila aliyeingia alisema neno lilelile. "Tazama nuru." "Mashallah, kama amelala." "Kawapamba wengi, leo Mola kampamba yeye." Sitara alisimama kichwani mwa mama, akiitikia amin, na kila waliposema nuru alihisi haya. Josho lilikuwa sawa, alhamdulillahi. Lakini je, hii wanayoiita nuru si kazi ya sindano? Je, mama anaagwa kwa uso usio wake?

Jasvanti alifika na binti yake baada ya adhuhuri, amevaa sari nyeupe. Walivua viatu mlangoni. Jasvanti aliketi mkekani kati ya wanawake na kulia kimyakimya. Sitara alimvuta Kajal mpaka jikoni.

"Daktari, samahani. Zile nyuzi za mama. Ndizo zinazomshikilia uso mpaka sasa?"

Kajal alimtazama kwa mshangao. "Nyuzi zipi? Zilikwisha, dada. Zile ni za kuyeyuka zenyewe mwilini, hazikumaliza hata mwaka. Nilimweleza siku ileile. Wewe ulikuwa nje unakunywa soda."

"Aliniambia atazikwa nazo."

"Si unamjua mama yako kwa utani." Kajal alitabasamu huku machozi yakimtoka. "Nilimpigia arudi tumtilie nyingine. Ilikuwa baada ya Idi ya mwaka jana. Akaniambia, 'Basi, mwanangu, imetosha, nimeshaitwa mama.' Hakurudi tena."

"Kwa hiyo pale usoni..."

"Hakuna kitu changu pale. Ni uso wake."

Sitara alirudi uani mbio, akamkuta mama mkubwa anakunja kanga zilizolowa. Alimnong'oneza. Bi Mwanakheri alisikiliza mpaka mwisho, akaishika ile kanga kifuani.

"Kwa hiyo ule ni wake."

"Wake, mama mkubwa. Tangu mwaka jana."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanakheri, akakaa juu ya kigoda, na pumzi ndefu ikamtoka. "Alhamdulillahi. Na aliacha mwenyewe."

Alasiri ilipoadhiniwa, Abdulatif aliingia na wajomba zake. Alipiga magoti, akambusu mama kwenye paji la uso, akamwomba radhi. Bi Mwanakheri alimbusu mashavu yote mawili, la kulia na la kushoto. Sitara alikuwa wa mwisho. Alimwambia mama nimekusamehe, nami nisamehe, akaweka shavu lake juu ya shavu la mama. Lilikuwa baridi, laini, na lilinukia kafuri na asumini. Bi Mwanakheri akaufunika uso, akafunga sanda juu ya kichwa.

Wanaume walilileta jeneza, wakampakia, wakalifunika kwa kitambaa cha kijani. Lilitoka kwa mlango wa mbele, likapita barazani, watu wakipokezana mabega na kusema la ilaha illallah. Wasukuma mikokoteni walisimama. Wenye maduka waliteremsha milango nusu, wakasimama nje mpaka lilipopita. Walimswalia msikitini, kisha wakampeleka Kisutu, wakamzika kando ya mumewe.

Wanawake walibaki nyumbani. Sitara na mama yake mkubwa walisimama mlangoni mpaka kitambaa cha kijani kilipokata kona, kisha wakaingia ndani kusoma Yasini.